Matufaa kwenye Chumba cha Hayasinti

Nilistaafu mwezi uliopita. Daktari wa ngozi aliitazama mikono yangu pande zote mbili, akauliza nimekuwa nikishika nini, nikamweleza, naye akaandika barua. Barua hiyo ndiyo iliyoniondoa kazini nikiwa na miaka hamsini na saba, wala si uchovu. Keki mliyonikatia siku ya mwisho nashukuru. Ilikuwa na matufaa ndani, na naamini aliyeichagua hakujua alichokuwa akifanya.

Mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya hayasinti inavyofanywa. Vipimo vimo katika madaftari yangu, kwenye rafu iliyo juu ya meza ya kupandia, na sitavirudia hapa kimoja kimoja. Hapa naandika kile ambacho madaftari hayana. Kazi yetu ni kulidanganya ua lidhani majira ya baridi yamekwisha, ili lichanue ndani ya nyumba ya mtu wakati nje bado kuna theluji. Ili kulidanganya, tunalifungia gizani kwenye baridi wiki kumi na tatu. Katika wiki hizo hamlioni. Siku mtakayojua kwamba mlikosea, kosa lenyewe litakuwa na umri wa miezi miwili. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na moja na sikumbuki hata mwaka mmoja ambao sikuogopa.

Kwetu ni Tabora. Huko nilikuwa karani wa ghala la tumbaku, nikiandika halijoto na unyevu asubuhi na jioni kwenye jedwali lililoning'inizwa mlangoni. Shule niliishia kidato cha nne; yaliyobaki nimejisomea. Nilipofika Toronto nilikaa Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na moja, na kwa miezi minne nilifanya kazi za kuitwa leo na kuachwa kesho. Kisha mtu mmoja kanisani akaniambia kuna mama mmoja huko Agincourt, Mhindi wa Mwanza, anatafuta mtu anayejua kusoma kipimajoto na asiyechoka kukisoma.

Huyo alikuwa Mama Shirin. Wengi wenu mlimkuta ameshazeeka na anakuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo niseme alivyokuwa. Alikuwa mfupi, anavaa koti la mvua hata ndani, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani kwa baba yake, cha haraka na kisicho na mapambo. Ghala lake lilikuwa hilo hilo mnalolijua, nyuma ya safu ya maduka, chumba cha baridi upande mmoja na banda la kioo nyuma. Alianza na glasi moja ya hayasinti dirishani kwake, kwa ajili ya Navroz, mwaka mpya unaoangukia Machi. Familia yake ya Kiismaili huusherehekea, na Wairani wa mji huu hawatandiki meza ya siku hiyo bila hayasinti juu yake. Nilipomkuta, glasi moja ilikuwa imekuwa maelfu ya vyungu.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba. Umevaa viatu vya ofisini."

"Ndivyo nilivyo navyo."

"Vitaoza. Ingia huku."

Alinipeleka hadi mlango wa chumba cha baridi, ule mnene. "Kabla sijakuonyesha tunguu hata moja, nitakufungia humu na kuzima taa. Ndani kuna kitasa cha kusukuma, cha duara. Kitafute kwa mkono. Ukikipata utatoka. Usipokipata nitakutoa mwenyewe, lakini sitakuajiri."

Nilidhani ananitania. Mlango ulifungwa. Giza la chumba kile mnalijua. Halina hata uzi wa mwanga chini ya mlango, kwa sababu mwanga ni adui wa kazi yenyewe. Nilipapasa mlango kwenye kimo cha kitasa cha mlango wowote wa nyumbani, kisha juu yake, kisha ukuta wa kushoto, kisha wa kulia. Niliposhindwa nilichuchumaa, si kwa akili bali kwa kukata tamaa, na mkono wangu ukakigusa. Kiko usawa wa goti. Alikuwa ameagiza kiwekwe pale ili mtu aliyeanguka aweze kukifikia.

"Dakika tatu," alisema nilipotoka. "Wa kabla yako alilia."

"Ukamwajiri?"

"Alikuwa mwanangu. Sasa ni mhasibu."

Miezi ya kwanza nilijifunza kwa kufuata mikono yake. Nitaandika machache tu, yale ambayo watu huyasahau. Tunguu la hayasinti, kile kitunguu ambacho ua hutokea ndani yake, hukaa kwenye chungu shingo ikiwa nje ya udongo, na matunguu yanaweza kupangwa bega kwa bega ilimradi yasigusane. Lile la kwenye glasi halitakiwi kugusa maji. Acheni nafasi ya upana wa kidole kati ya maji na kitako chake, nalo litaiteremsha mizizi lenyewe kuyatafuta. Likigusa, litaoza, na kuoza kwake kuna harufu chachu ambayo mtainusa kabla hamjaiona. Kila asubuhi ingieni na pua kwanza. Kikitoka kwenye baridi, chungu hakipelekwi moja kwa moja kwenye joto. Kikae wiki nzima mahali penye ubaridi wa wastani na mwanga hafifu. Mwenye haraka hupata ua lililochanuka likiwa bado limekabwa na majani, kama mtu aliyeng'ang'ania kuhutubia akiwa ameketi. Na bua likiwa fupi, livisheni kofia ya karatasi ya kaki kwa siku nne tano, litarefuka likitafuta mwanga.

Halafu kuna muwasho. Maganda makavu ya matunguu yana vumbi lenye vijisindano visivyoonekana kwa macho. Mama Shirin aliniambia nivae glavu, na nilivaa, isipokuwa pale ambapo glavu zilinizuia kuhisi kitu nilichotaka kuhisi, yaani karibu kila siku. Msiniige. Barua ya daktari ilianzia pale.

Msimu wa tatu Mama Shirin alinikabidhi chumba cha baridi peke yangu. Nitapita haraka hapo, maana si cheo ninachotaka kukisimulia. Ninachotaka mjue ni kwamba mwaka huo huo nilikuwa nimefungua faili la kumleta mke wangu, Rehema, kutoka Tabora. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mitatu na nusu. Faili lilihitaji karatasi nyingi, na mojawapo ilikuwa barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba nina kazi ya kudumu. Nilijua hesabu yangu: bila kazi hakuna barua, na bila barua faili lingerudi mwanzo. Kwa hiyo nilikichunga chumba kile kama mtu anayechunga pumzi ya mgonjwa. Niliandika halijoto mara nne kwa siku ingawa nilikuwa nimeagizwa mara mbili. Kurasa za daftari nilizipa namba. Mambo yote yaliyoingia na kutoka niliyaandika.

Mwezi wa Novemba mwaka huo, vyungu vya Navroz vikiwa vimeshapangwa ndani, Mama Bahati alinisogelea kwenye meza ya kupandia. Mama Bahati alikuwa mtu wa Bukavu, mwepesi wa mikono kuliko sisi sote, na tulisali kanisa moja huko Etobicoke, kanisa la Wakongo na Warundi lililonipokea kwa sababu niliweza kuimba sauti ya nne.

"Papa Elisha," alisema, "ile chumba yako iko na nafasi?"

"Ina nafasi ya matunguu."

"Ni masanduku sita tu. Ya pome. Si unajua tulienda kuchuma, na sasa ukumbi wametunyima mpaka mwisho wa mwezi. Ku nyumba yangu joto iko kama jehanamu, zitaoza zote mbele ya mavuno."

Kwa asiyejua, sikukuu ya mavuno kwetu ni siku ya kumpelekea Mungu ulichovuna. Nyumbani watu huleta mahindi, maboga, kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada hapo hapo nje ya kanisa, kwa vicheko na ubishi mwingi. Toronto hakuna mwenye shamba. Kanisa likakodi basi, likaenda kwenye bustani ya matunda nje ya mji, watu wakachuma matufaa, na tukakubaliana kwamba hayo ndiyo mavuno yetu. Kuyaacha yaoze kabla ya mnada lingekuwa jambo la aibu.

"Mama Shirin anajua?" nilimuuliza.

"Mama Shirin yuko kwa mtoto wake mpaka wiki ijayo. Na weye si ndiyo mukubwa wa baridi? Ama ni mukubwa wa kipimajoto tu?"

Akacheka, na mimi nikacheka, na nadhani neno hilo la mkubwa wa baridi lilinipendeza. Nilikwenda kupima. Masanduku yangeweza kukaa chini ya rafu ya kushoto bila kuziba feni. Uzito haukuwa tatizo. Unyevu haukuwa tatizo. Wiki hiyo nje kulikuwa na baridi kali, kwa hiyo nikafunga tundu la hewa, kama nilivyozoea, ili halijoto isishuke. Nilipima kila kitu isipokuwa kile ambacho sikujua kwamba kinapimwa. Kisha nikaandika kwenye daftari, ukurasa wa thelathini na nane: "Matufaa, masanduku sita, chini kushoto. Halijoto haikubadilika."

Yalikaa humo siku kumi na tisa. Mama Shirin aliporudi alipita mlangoni, akauliza namba, nikampa, akaridhika. Hakuwa na sababu ya kuinama na kutazama chini ya rafu. Mnada ulifana. Mimi mwenyewe nilinunua sanduku moja, nikala matufaa hadi Krismasi.

Katikati ya Januari, Jumamosi moja, nilikuwa kwenye maktaba ya Flemingdon Park. Ilikuwa desturi yangu kusoma chochote walichokuwa nacho kuhusu matunguu, hata kama nilikuwa nimeshakisoma. Siku hiyo kulikuwa na kitabu kipya kwangu, chembamba, cha watu wanaootesha maua madirishani. Katika ukurasa wa maonyo kulikuwa na sentensi moja: usihifadhi matunguu pamoja na matunda, hasa matufaa, kwa sababu tunda linaloiva hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huliua ua ndani ya tunguu. Tunguu lenyewe haliumii. Litatoa mizizi, litatoa majani, na katikati hakutakuwa na kitu.

Niliisoma mara nne. Kisha nikageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu.

Tangu saa ile hadi niliposema zilipita siku tisa. Nataka kuzieleza sawasawa, kwa sababu ndizo sababu ya mimi kuandika.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya wengine. Nilichukua tunguu moja kutoka rafu ya chini kushoto, nikalipasua kwa urefu kwa kisu cha kupandikizia. Ua la hayasinti huwa limeshaumbika ndani tangu kiangazi. Hukaa katikati kama kigunzi cha mahindi kidogo, cha kumtosha mtoto wa panya tu, cheupe chenye ukijani. Hiki kilikuwa cha kahawia na kimenywea, kama karatasi iliyochovywa kwenye chai. Nilipasua la pili kutoka rafu hiyo hiyo: cheupe, kizima. La tatu, kahawia. La nne, kutoka juu kabisa upande wa kulia, zima. Kwa hiyo hayakuwa yamekufa yote, wala hayakuwa yamepona yote, na hakukuwa na njia ya kujua lipi ni lipi ila kwa kuliua. Vipande nilivitia kwenye mfuko wa suruali na kwenda kuvitupa kwenye pipa la kituo cha basi. Kufikia saa nne asubuhi paja langu lilikuwa linawaka moto kwa ule muwasho.

"Papa Elisha," alisema Mama Bahati, "unajikuna sana. Uko na upele?"

"Sufu ya suruali."

"Hiyo si sufu. Franchement, kweli kabisa, enda kwa daktari."

Sikumwambia. Nilijisemea kwamba namkinga, maana matufaa yalikuwa yake. Sikuwa namkinga yeye.

Jumanne, Mama Shirin alikuja mezani akiwa na simu mkononi ameifunika kwa kiganja. "Mkulima wa Niagara ana vyungu vya ziada vya hayasinti," alisema. "Vizuri, vya umri kama vyetu. Anauliza kama tunavitaka kabla hajaviuza kwingine. Tunavihitaji?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Ningeweza kusema hata nusu yake. Ningeweza kusema sijui. Nilimwona Rehema kwenye kibaraza cha shemeji yake, na faili letu, na barua ambayo haikuwa imeandikwa bado.

"Hapana, mama," nilisema. "Tuko sawa."

Akaondoa kiganja kwenye simu na kumwambia yule mtu asante.

Siku zilizofuata nililala vibaya na kula vibaya. Daftari lilikuwa pale kwenye rafu, na ukurasa wa thelathini na nane ulikuwa ndani yake kwa mwandiko wangu mzuri. Mtu yeyote angeweza kuufungua akiwa anangoja chai. Nilifikiria kuuchana. Kwa kuwa nilikuwa nimezipa kurasa namba, pengo lingeonekana. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeuchana kama zisingekuwa na namba, na jibu ninalo, ila si jibu ambalo mtu hupenda kuliandika. Nilifungua tundu la hewa na kuliacha wazi, jambo ambalo halikuwa na faida yoyote tena. Kila mlango ulipofunguliwa nilijua ni yeye na kwamba amejua. Kila ilipokuwa si yeye, nilikasirika kwamba nitaendelea kungoja.

Siku ya tisa, Jumatatu nyingine, Mama Shirin aliniita ofisini kwake, kile kibanda chenye dirisha linalotazama banda la kioo. Alikuwa ameandika barua ya Rehema mwenyewe bila kukumbushwa. Akavaa miwani na kunisomea, akiitafsiri kwa Kiswahili kadiri alivyosoma, kwa sababu alitaka niielewe kila neno. Kwamba nimeajiriwa kazi ya kudumu. Kwamba saa zangu ni hizi. Kwamba mimi ndiye mwenye dhamana ya chumba cha baridi, "na tangu nimemwajiri sijawahi kulitilia shaka neno lake."

Alipofika hapo, nilisema, "Mama, hiyo usiiandike."

"Nimeshaiandika."

"Si kweli."

Alivua miwani. Nilimweleza kwa mpangilio: masanduku, tundu la hewa, siku kumi na tisa, maktaba, kisu, Niagara. Nilimletea daftari na kumfungulia ukurasa. Hakuutazama. Aliinuka, akachukua kisu, akaenda chumba cha baridi, nami nikamfuata na taa ya mkono. Alipasua matunguu kumi kutoka rafu mbalimbali, moja baada ya jingine, akiyapanga sakafuni wazi kama vitabu. Matatu yalikuwa ya kahawia.

Kisha alipiga simu Niagara. Nilisimama karibu na nikasikia upande wake tu. Vyungu vilikuwa vimeuzwa Ijumaa.

Aliweka simu mezani taratibu. "Ulipasua Jumatatu ya wiki jana," alisema. "Mimi nikakuuliza Jumanne."

"Ndiyo, mama."

"Uliogopa nitakufukuza."

"Ndiyo."

"Ningekufukuza nani angesoma kipimajoto? Mhasibu?" Hakutabasamu. "Sikiliza, Elisha. Matufaa ni ujinga. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza niliyamwagilia matunguu maji ya chumvi, usiniulize kwa nini. Matufaa nimeshakusamehe, hapa hapa. Zile siku tisa bado. Hizo sijui nitazifanyia nini."

Alikaa kwenye mashine yake ya kuandikia, akaipiga barua upya mbele yangu. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza kwa sentensi moja. Akaitia sahihi. "Yaliyobaki humu ni kweli," alisema. "Unafanya kazi hapa. Chukua, kaitume leo."

Niliituma siku hiyo hiyo. Na kwa wiki kadhaa, huku nikijua vizuri kwamba afisa asiyenijua hawezi kuona sentensi ambayo haipo, niliogopa kwamba ataiona.

Mwambieni anayeanza kazi jambo hili kabla ya kumwambia lolote kuhusu maji na udongo: ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla ya kunawa mikono. Msimfundishe kutoogopa, hilo haliwezekani humu. Mfundisheni kusema akiwa anaogopa.

Februari tulianza kuvitoa vyungu. Hapo ndipo nilipojifunza kubinya shingo, jambo mlilonicheka mara nyingi. Chipukizi likifika urefu wa kidole gumba, libinye polepole kati ya vidole viwili bila glavu. Ukihisi kitu kigumu ndani kama punje ya harage, kuna ua. Ukihisi majani tu, yanayotelezana, ni tasa. Mama Shirin alishika upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili, tukabinya kila chungu siku nne mfululizo. Hatukuzungumza zaidi ya "lipo" na "halipo". Mama Bahati, ambaye nilikuwa nimeshamwambia, alibeba yaliyo tasa na kuyapanga nyuma ya banda, na kila akipita nyuma yangu alisema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu, pome tu." Mwishowe upungufu ulikuwa karibu robo ya vyungu vyote.

Siku ya kupeleka mzigo, Mama Shirin alinitaka niende naye. Mteja wetu mkubwa alikuwa mwenye duka mmoja wa Kiirani, mzee mpole mwenye masharubu meupe, aliyekuwa ameahidi wateja wake hayasinti tangu Desemba. Garini nilidhani nitabeba makasha. Tulipofika, Mama Shirin aliniambia, "Wewe ndiye utakayemwambia. Mimi nitasimama tu."

Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule. Nilisema ni kosa langu, nikasema ni kosa gani. Alinisikiliza hadi mwisho, akahesabu makasha kwa macho, akauliza swali moja: kama yale yaliyopo yatachanua kwa wakati. Nikasema ndiyo. "Una hakika?" akauliza. Nikasema nimeyabinya yote. Hakuelewa, lakini aliinamisha kichwa. Tulipokuwa tunapanga vyungu, aliingia bibi mmoja na mjukuu wake, akauliza kama chungu alichoagiza kimefika. Mwenye duka alitazama orodha yake, kisha akanitazama mimi. Kwenye orodha hiyo yule bibi alikuwa chini sana. Aliambiwa, hakubishana, akanunua nyasi za ngano zilizooteshwa kwenye sahani, ambazo nazo huwekwa kwenye meza hiyo ya mwaka mpya, na kuondoka. Nadhani hilo ndilo Mama Shirin alilonipeleka nikalione.

Rehema alifika Oktoba iliyofuata. Nilimpokea uwanja wa ndege nikiwa na koti la ziada mkononi, na kwenye basi la kwenda nyumbani, kabla hata hatujafika Don Mills, nilimsimulia yote. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kutongoja. Alisikiliza akiwa anatazama nje.

"Na huyo mama angekufukuza?" aliuliza.

"Usingekuwa kwenye basi hili."

Alilivaa lile koti la ziada. "Basi Jumatatu nipeleke nikamsalimie."

Jumatatu nilimpeleka. Mama Shirin alikuwa mlangoni mwa chumba cha baridi, tumeanza kuingiza vyungu vya msimu mpya, na koti lake la mvua lilikuwa na vumbi la maganda. Rehema alipiga goti kidogo, akamwamkia, akamshukuru kwa barua. Mama Shirin alimtazama juu hadi chini, kama anavyotazama chungu.

"Mumeo ana vitu viwili," alimwambia. "Ana uangalifu na ana woga. Uangalifu nimeuajiri mimi. Woga ni wako, jioni uondoke nao."

"Nimeishi nao miaka yote, mama," Rehema alisema. "Alipoondoka nilidhani nimepumzika."

Wakaangua kicheko wote wawili, na Mama Bahati mezani akacheka bila kujua kinachochekwa. Walikuwa wakinitazama, wanangoja nami nicheke. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kuwasikiliza. Nyuma yao mashine ya baridi ilikuwa imenyamaza. Hunyamaza hivyo kila siku, saa kama ile, dakika kumi na mbili, ili iyeyushe barafu yake yenyewe, kisha huendelea. Nilijua hivyo, mimi ndiye niliyeiandika kwenye daftari. Nikahesabu hata hivyo, moja, mbili, tatu, nikiwa nimemshika mke wangu mkono, hadi nilipoisikia ikianza tena.